Muziki Usio na Maneno na Swali la Ujumbe: Uhakiki wa Bashrafu za Zanzibar

Katika madarasa ya itikadi tunayoyaendesha hapa Somanda, mjini Bariadi, limejitokeza swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana ni la kupitishia wakati, lakini sisi tumeliona ni la msingi na tumeamua kulileta mbele ya wasomaji wa jarida hili. Swali lenyewe ni hili: muziki wa ala peke yake, usioimba sifa wala lawama, usiohimiza kilimo wala kumpiga vita adui yeyote, una nafasi gani katika utamaduni wa taifa lililojichagulia njia ya Ujamaa na Kujitegemea?

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Ndugu mmoja aliyekuwa amerudi kutoka Unguja alituachia diski iitwayo Bashraf, iliyopigwa na Culture Musical Club na kutolewa mwaka 2000 na kampuni ya Dizim ya Ujerumani. Diski hiyo ni ya ala tupu. Ni mkusanyo wa muziki ambao katika taarab ya Zanzibar hutangulia nyimbo, yaani ule unaopigwa wakati wasikilizaji wanaingia, wanatafuta viti na kusalimiana. Tuliisikiliza kwa vipaza sauti vile vile vinavyotumika katika mikutano ya hadhara, baada ya somo la Mwongozo wa 1971, mbele ya wanadarasa wapatao thelathini: viongozi wa mashina, vijana, walimu wa shule za msingi, wakulima wa pamba, na mzee mmoja mpiga ngoma wa Bagika. Kipande cha kwanza kilipomalizika ukumbi ulikaa kimya, kama unaomngoja mtu aanze kuimba. Kisha mwalimu mmoja akasimama akasema: "Ndugu Mkufunzi, ni kizuri, hatukatai. Lakini ujumbe uko wapi?"

Hatukuwa na jibu la haraka, na sababu yake ni kwamba swali hilo ni sisi wenyewe tuliolifundisha. Kwa miaka mingi tumewaambia wanadarasa wetu kwamba kila kazi ya sanaa ipimwe kwa ujumbe wake: inamtumikia nani, inasema nini, inamwelekeza mkulima na mfanyakazi wapi. Kipimo hicho si kibaya. Kimetusaidia kutenganisha wimbo wa kumwamsha mnyonge na wimbo wa kumlaza. Lakini kipimo cha pishi hakipimi kitambaa, na tulipoletewa kitambaa tulikuwa na pishi tu mkononi.

Ni vema kwanza kumtambua mpigaji, kwani wapo wanaodhani kwamba okestra ya taarab ni urithi wa kasri ya Sultani na hivyo haina haki ya kusikilizwa katika darasa la Chama. Culture Musical Club kilianza mwaka 1958 ndani ya Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi, mwaka mmoja tu baada ya ASP yenyewe kuundwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kiliwekwa chini ya idara ya serikali inayoshughulikia utamaduni, na wananchi wakakiita Mila na Utamaduni. Kwa hiyo tunazungumzia chombo kilichozaliwa na kulelewa na mmoja wa wazazi wawili wa Chama Cha Mapinduzi. Anayekiita cha kisultani hajui historia ya Chama chake.

Ni kweli kwamba mizizi ya taarab ilipandwa katika mazingira ya kitabaka. Masimulizi ya Unguja yanamtaja Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kuwa ndiye aliyeleta muziki wa Misri katika kasri yake. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya watu waliojiweza na waliojua Kiarabu. Hata hivyo haikupita miaka mingi kabla muziki huo haujachukuliwa na watu wa chini na kugeuzwa lugha. Siti binti Saad, mtoto wa maskini wa Fumba aliyetembeza vyungu mjini, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Walimu wa siasa wamelitaja jambo hilo mara nyingi, na ni haki. Lakini tuangalie tulichokuwa tukikisifu: tulimsifu Siti kwa maneno yake, na mafundi wa udi na fidla waliokuwa nyuma yake hatukuwasemea lolote.

Sasa bashrafu yenyewe. Neno hili asili yake ni Kiajemi, lilipita kwa Waturuki na Waarabu hadi likafika kwetu, na maana yake ni kitu kinachokwenda mbele, yaani kitangulizi. Kwa Waturuki muundo wake ni wa sehemu nne ziitwazo khana, na baada ya kila khana hurudi kipande kile kile kiitwacho taslimu. Baadhi ya bashrafu zinazojulikana Zanzibar zilitoka Misri na Uturuki, nyingine zimetungwa na mafundi wa Zanzibar wenyewe. Msikilizaji asiyejua lolote juu ya khana na taslimu huitambua taslimu kwa sikio: muziki unakwenda safari, unapanda mahali asipopajua, kisha unarudi nyumbani. Safari ya pili, anaanza kuungojea urudi. Safari ya tatu, kichwa chake kinatikisika kabla haujafika. Tuliliona jambo hili kwa macho yetu hapa Somanda kwa watu ambao hawajawahi kuvuka maji kwenda Unguja.

Jambo jingine lililowashangaza wanadarasa ni namna okestra hii inavyofanya kazi kwa pamoja. Katika okestra ya Ulaya, kila kundi la ala hupewa sauti yake: hawa wanashika juu, wale wanashika chini, wengine wanajaza katikati, na mtu mmoja husimama mbele na kijiti kuwaongoza. Katika taarab ya Unguja njia ya sauti ni moja. Fidla zinaifuata, kodiani inaifuata, udi na kanuni vinaifuata, lakini kila ala inaipita kwa mwendo wake: kanuni inaitetemesha kwa nyuzi zake nyingi, kodiani inaivuta na kuishikilia, fidla zinateleza kutoka sauti hadi sauti mahali ambapo udi unadonoa. Chini yao besi na dumbaki vinatunza mapigo, na rika inanong'ona kwa vibati vyake. Hakuna anayepiga kitu tofauti, na hakuna wawili wanaopiga sawasawa. Kijana mmoja wa darasa letu, ambaye shughuli yake ni kuchomea vyuma, alisema ni kama watu wanaolima shamba moja kila mmoja na jembe lake. Sisi hatutauongeza mfano huo, kwani walimu wa siasa tuna tabia mbaya ya kuuchukua mfano mzuri wa mwananchi na kuufanya sura tatu za kitabu.

Kisha hufika mahali okestra nzima inanyamaza na ala moja kubaki peke yake, bila mapigo, ikitafuta njia. Hiyo huitwa taksimu. Taksimu ya kanuni, inapopigwa na fundi, haina haraka. Inagusa sauti moja, inaizunguka, inaiacha, inaonyesha ngazi nzima ambayo wenzake wamekuwa wakiitembea bila wewe kuiona. Hapa ndipo tulipoanza kuuona udhaifu wa kipimo chetu, kwani wakati wa taksimu ukumbi mzima wa Somanda ulikuwa umetulia kuliko wakati wowote wa hotuba zetu.

Tuchukue mfano wa mbali ili tuone vizuri jambo la karibu. Nchini Italia kuna sanaa iitwayo opera, yaani mchezo wa kuigiza ambamo wachezaji huimba badala ya kusema. Kabla pazia halijafunguliwa, okestra hupiga kitangulizi ambacho Waitalia walikiita sinfonia. Kazi yake ilikuwa ile ile ya bashrafu: watu wanaingia, wanaketi, wanaacha soga. Vitangulizi hivyo vimependwa kiasi kwamba huchomolewa katika opera zao na kukusanywa katika santuri moja, na waongozaji wakubwa wa karne iliyopita, akina Toscanini, Karajan na Abbado, wote wamerekodi mikusanyo ya namna hiyo. Diski ya Culture Musical Club ni ndugu wa santuri hizo, na ndiyo maana tunazilinganisha.

Sasa sikilizeni kisa cha Gioachino Rossini. Mwaka 1813 alitunga kitangulizi kwa ajili ya opera ya Aureliano in Palmira, iliyoonyeshwa Milano, inayomhusu mfalme wa Roma ya kale aliye vitani. Mwaka 1815, akiwa Napoli, alikitumia tena katika opera inayomhusu Malkia Elizabeth wa Uingereza. Mwezi Februari 1816, mjini Roma, alikiweka mbele ya Il barbiere di Siviglia, ambao ni mchezo wa kuchekesha juu ya kinyozi mjanja anayemsaidia kijana kumpata mchumba. Na ni kwa kinyozi huyo ndipo dunia nzima inapokijua kitangulizi hicho hadi leo, na wapo waandishi walioapa kwamba wanausikia ucheshi wa kinyozi ndani yake! Muziki mmoja umemtumikia mfalme, malkia na kinyozi, na haukubadilika. Je, ujumbe wake ulikuwa upi? Wa mfalme au wa kinyozi?

Wapo watakaosema kwamba huo ndio ushahidi wa uvivu wa msanii wa kibepari, anayeuza mali moja mara tatu. Upo ukweli hapo. Rossini alifanya kazi chini ya matajiri wa majumba ya michezo waliotaka opera mpya kila msimu, na kitangulizi kilikuwa kitu cha mwisho kutungwa na cha kwanza kupigwa. Lakini uchambuzi ukiishia hapo haujaeleza kwa nini muziki huo ulifaa mara zote tatu. Ulifaa kwa sababu kazi yake haikuwa kusimulia. Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu mia kadhaa, waliokuja kila mmoja na shughuli yake kichwani, wawe wasikilizaji wamoja. Rossini alikuwa na mbinu yake inayojulikana sana: anachukua kifungu kifupi, anakipiga kwa sauti ndogo, anakirudia akiongeza ala, anakirudia tena akiongeza nyingine, mpaka okestra yote inakuwa imesimama juu ya kifungu kile kile kilichoanza kama mnong'ono. Hakuna neno hata moja, lakini ukumbi hauwezi tena kuzungumza mambo mengine.

Giuseppe Verdi alikwenda kwa njia nyingine. Kitangulizi cha opera yake ya Nabucco, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika jumba la La Scala, Milano, Machi 1842, kimejengwa kwa vipande vya opera yenyewe, ukiwemo wimbo wa watumwa wa Kiyahudi wanaoililia nchi yao. Milano wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na Waitalia wakaja kuufanya wimbo huo kuwa wimbo wa umoja wa taifa lao, uliopatikana mwaka 1861. Hapa walimu wa siasa hufurahi sana, kwani ujumbe umepatikana. Lakini tunawatahadharisha. Imesimuliwa kwa miaka mingi kwamba usiku wa kwanza umma uliushangilia wimbo huo hadi ukarudiwa, na kwamba hilo lilikuwa tendo la uasi. Wanahistoria waliorudi kwenye magazeti ya siku zile hawakuukuta ushahidi huo. Maana ya ukombozi ilivikwa baadaye, na watu waliokuwa na haja nayo. Wananchi ndio waliouchukua muziki na kuupa kazi, na jambo hilo kwa mtu anayejifunza itikadi lina uzito mkubwa kuliko ile hekaya.

Jumba hilo hilo la La Scala, katika miaka ya 1970, wakati Claudio Abbado akiwa mkurugenzi wake wa muziki, lilifungua milango yake kwa maonyesho ya wafanyakazi na wanafunzi. Wafanyakazi hao hawakuletewa muziki uliorahisishwa. Waliletewa ule ule waliokuwa wakiusikiliza matajiri. Abbado na wenzake waliamini kwamba mfanyakazi hakuwa na kasoro ya masikio, ila alikuwa hajapewa tiketi.

Tunajua pia kwamba wenzetu katika kambi ya mapinduzi walilijibu swali la muziki usio na maneno kwa njia ya amri, na matokeo yake yanafahamika. Februari 1948 Chama cha Kikomunisti cha Urusi kilitoa azimio la kuwalaumu watunzi wakubwa, Shostakovich na Prokofiev wakiwemo, kwa kile kilichoitwa kujali umbo na kuusahau umma. Miaka kumi baadaye, Mei 1958, Chama hicho hicho kilikiri kwamba lawama hizo hazikuwa za haki. Prokofiev alikuwa amekwisha kufa mwaka 1953. Nchini China, mwanzoni mwa 1974, magazeti yaliendesha kampeni dhidi ya muziki usio na kichwa cha habari, yaani muziki ambao jina lake halisemi unahusu nini. Ilidaiwa kwamba muziki wa namna hiyo unaficha tabaka la mtunzi wake. Machi 1977, baada ya wale wanne kuanguka, Beethoven akapigwa tena mjini Peking. Wachina waliokuja kutujengea Reli ya Uhuru walikuwa wenzetu wa kweli, na tulijifunza mengi kutoka kwao. Hili halikuwa miongoni mwa yale ya kujifunza.

Sisi Tanzania hatukutoa amri. Tulifanya jambo la kimyakimya zaidi, nalo ni kutoulizia. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 10, 1962, alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alirejesha heshima ya ngoma zilizodharauliwa na mkoloni, na wakati huo huo akaonya kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa wengine ni taifa la wajinga. Baada ya hapo ngoma, kwaya na ngonjera vilipata nafasi katika kila sherehe ya Chama, kwa sababu vilibeba maneno. Hata wataalamu wetu walipochunguza sanaa na dola walikwenda kwenye maneno. Elias Songoyi, alipowaweka mezani waimbaji wawili, Kalikali wa Usukuma aliyekosoa na Mwinamila wa Unyamwezi aliyesifu, alifanya kazi ya thamani kubwa, na bado tunaitumia darasani. Lakini mpiga ngoma wa Kalikali alikuwa nani? Hatujasikia mtu akiuliza.

Hapa hatuna budi kushuka kwenye msingi wa uchumi, kwani ndipo kifo cha bashrafu kinapoelezeka. Katika onyesho la taarab pato la papo kwa papo linatokana na kutunzwa. Mwanamke anasikia neno linalomgusa, au linalomgusa jirani yake, anainuka na noti mkononi, anakwenda mbele akicheza, anamtunza mwimbaji. Bashrafu haimgusi jirani yeyote, na haiinui mtu kwenda kutunza. Aidha, inahitaji fidla kadhaa, kanuni, udi, kodiani na mafundi waliokaa miaka mingi wakijifunza, na hao wote wanakula. Kinanda cha umeme kimoja kinaiga sauti ya fidla zote kwa posho ya mtu mmoja. Vikundi vya taarab ya kisasa vilipokuja juu katika miaka ya 1990, Bara na Visiwani, na mashindano ya mipasho yakashika moto, hesabu hiyo ilifanya kazi yake. Wapiga ala wakapungua na kitangulizi kikafupishwa kuwa cha kujaribia vipaza sauti.

Na hapa, kwa moyo wa ile Tujisahihishe aliyoiandika Mwalimu mwaka 1962, lazima tuseme kwamba Chama hakikuwa pembeni. Mwaka 1992, mwaka ule ule mfumo wa vyama vingi uliporudi, Chama kiliunda kikundi chake cha sanaa, Tanzania One Theatre, chini ya marehemu Kapteni John Komba. TOT ilifanya kazi kubwa katika uwanja wa mapambano ya kisiasa, na kwaya zake hakuna asiyezijua. Katika taarab ilimchukua Khadija Kopa, msanii hodari aliyetokea huko huko Culture Musical Club. Sauti ilivuka bahari kuja Bara. Okestra ilibaki Vuga. Hatusemi kwamba ilikuwa rahisi kuivusha. Tunasema kwamba kati ya urithi wa vijana wa Afro-Shirazi tulichukua kile kinachosema, na kile kinachosikiliza hatukukihitaji.

Turudi kwenye diski, kwani mhakiki asiyetaja kasoro amegeuka kuwa mpiga debe. Kasoro ya kwanza haimo katika upigaji. Bashrafu ni mlango, na diski hii inatupa milango mfululizo bila nyumba. Unafungua wa kwanza, unasubiri kuingia, unakuta mlango wa pili. Kufikia katikati sikio linachoka. Ugonjwa huu unazipata pia santuri za vitangulizi vya Kiitalia: ukisikiliza sinfonia nane za Rossini kwa mpigo mmoja, ile mbinu yake ya kupanda kidogo kidogo, ambayo peke yake inasisimua, inaanza kufanana na fundi anayerudia mzaha wake. Tulipoipiga kipande kimoja tu kabla ya somo, na kisha somo lenyewe, matokeo yalikuwa mengine kabisa.

Kasoro ya pili ni ya kisiasa. Diski imetolewa Ujerumani, kwa soko ambalo wanunuzi wake wengi hawajui Kiswahili. Tunajiuliza kama muziki huu ulipata nafasi ya kurekodiwa kwa sababu ya thamani yake, au kwa sababu mnunuzi hasumbuliwi na maneno asiyoyaelewa. Pengine ni yote mawili. Lakini hatuna haki ya kumlaumu Mjerumani. Siti alikwenda Bombay kwa kuwa hapakuwa na pa kurekodia nyumbani. Miaka zaidi ya sabini baadaye, tukiwa na uhuru, wizara na redio, bashrafu za chombo kilichoanzishwa na vijana wa ASP zilitolewa na kampuni ya ng'ambo, na nakala iliyofika Somanda imefika kwa mkono wa msafiri. Jambo la kutia moyo ni kwamba tangu 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi mjini Zanzibar kimekuwa kikiwafundisha vijana kanuni, udi na fidla. Hapa Bara hatujaona bidii ya kufanana na hiyo kwa ajili ya ngoma zetu wenyewe.

Na hapo ndipo mzee wa Bagika alipoomba kusema. Alikuwa amekaa kimya vipindi viwili. Alitukumbusha kisa ambacho tungependa kisahaulike. Miaka kadhaa iliyopita tulipewa kazi ya kupanga burudani za mkutano mmoja wa hadhara, na kikundi chake kilikuwa katika ratiba. Kilikuwa kimetenga robo saa ya ngoma tupu kabla ya ningi kuanza kuimba. Tuliifuta robo saa hiyo kwa kalamu nyekundu, tukiandika pembeni kwamba haina maudhui. Ningi akaanza moja kwa moja na wimbo wa kuhimiza kilimo bora cha pamba, wimbo mzuri wenye kila kitu tulichokitaka. Watu walikuwa bado wako chini ya miti, wengine kwenye mabanda ya chai. Wimbo uliimbwa kwa viti.

"Nyinyi mlidhani ngoma ile ni ya kupoteza muda," alisema mzee. "Mtu akifika, moyo wake bado uko njiani. Ngoma ndiyo inayokwenda kumchukua. Sasa mlimtuma ningi aimbe na watu ambao hawajafika."

Yeyote aliyekulia Usukuma anajua kwamba mzee hakuwa akitoa nadharia. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, desturi inayorudishwa kwa waasisi wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Umma wenyewe ndio hakimu, na unapiga kura kwa miguu yake. Mahali kama hapo hakuna anayeweza kuyaacha maneno yafanye kazi peke yake. Mwenye shairi kali akikosa mpiga ngoma, atalisema kwa mbwa. Wasukuma walilijua hilo kabla Chama hakijawa na idara ya uenezi, na sisi wakufunzi, tuliokwenda kujifunza uenezi vyuoni, tulirudi tukaifuta ngoma kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu aliyeuliza swali la kwanza hakukubali kwa urahisi, na tunampongeza kwa hilo. Alisema: ikiwa muziki usio na maneno unawakusanya watu bila kuwaambia lolote, basi unaweza kuwakusanya kwa ajili ya mtu yeyote, hata adui. Kitangulizi cha Rossini kilimtumikia mfalme na kinyozi. Ngoma ya mzee yaweza kumtumikia Chama leo na mnunuzi mlanguzi kesho. Hoja hiyo ni nzito na hatujaimaliza. Tulichoweza kusema ni kwamba hali ni hiyo hiyo kwa jembe, kwa barabara na kwa kipaza sauti, na hakuna aliyependekeza tuviache. Yeye akajibu kwamba jembe halimtoi mtu machozi. Kwa kweli, wakati wa taksimu ya kanuni tulimwona mjumbe mmoja wa shina akijifuta macho, na tulipomuuliza alisema ni vumbi.

Tumeanza jambo dogo. Tumeirekodi kwa simu robo saa ya ngoma ya mzee na wenzake, ile ile tuliyoifuta, ikipigwa nje ya ukumbi wetu hapa Somanda. Mzee aliisikiliza mara mbili, akasema ngoma kubwa inasikika kama debe na ile ya kushoto haisikiki kabisa, na kwamba turudie baada ya kuvuna pamba, wapigaji wakiwa wametulia. Tumekubaliana naye. Diski ya Bashraf haipo darasani kwa sasa. Mwalimu yule aliyeuliza ujumbe uko wapi aliiazima mwezi uliopita, na bado hajairudisha.